Siku Panzi Alipoacha Kuruka

Inspekta aliufungua mlango wa chuma kwa ufunguo, akaubamiza kwa nguvu zake zote, na kwa mara ya tatu ukajifunga wenyewe. Komeo liliingia kwenye tundu lake bila ufunguo na bila mkono wa mtu. Akageuka akamtazama Sajini, aliyesimama nyuma yake na faili kwapani.

"Nisomee tena ulichoandika kuhusu mlango huu," alisema.

Sajini hakuhitaji kulifungua faili. Alieleza kwa sauti iliyozidi kufifia kwamba mlango ulikutwa umefungwa, kwamba funguo zake ni mbili tu, mmoja ulikuwa mfukoni mwa marehemu na mwingine anao mkewe, na kwamba kwa hiyo aliyetoka humo na kufunga ni mke. Kwenye hiyo "kwa hiyo" alimeza mate.

Kwa hiyo! Kwa hiyo hiyo ndiyo iliyomweka rumande mwanamke mwenye mtoto anayenyonya, mama yake mzazi akimletea kichanga kituoni kila baada ya saa chache, maziwa yakimlowesha gauni binti wa watu mbele ya walevi na vibaka. Polisi wazima, wenye mishahara na vyeo mabegani, hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuusukuma mlango aone unafanya nini. Mkuu wa kituo alisikia funguo mbili, akaona kesi imejipika yenyewe, akaamuru mke apelekwe mahakamani kesho asubuhi kwa kumuua mumewe. Majirani nao walikuwa wameshatia chumvi yao. Walisema walimsikia akimfokea mumewe kwamba iko siku ataizima hiyo mashine, na yeye mwenyewe amzime. Sasa ni mke gani hajawahi kusema maneno ya namna hiyo? Inspekta alishamwambia mumewe mabaya kuliko hayo, na mzee yuko hai, mzima wa afya, anakula kama mchwa.

"Mtu yeyote mwenye mkono mmoja angeweza kuufunga mlango huu," alisema. "Andika hivyo. Na uandike kwa herufi kubwa ili Mkuu aone bila miwani."

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la kutengeneza kompyuta. Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alishinda mbele akifungua mashine za watu, na jioni akaingia huku nyuma kuhudumia mashine yake. Hiyo ndiyo mke aliyoapa kuizima. Ilikuwa kompyuta kuukuu ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, Fundi akaibadilishia feni, akaiongezea kumbukumbu, akapakia mchezo wa mbio za magari na kuigeuza seva. Madereva walikaa majumbani kwao, kila mmoja na skrini yake na gari lake, wakaingia kwenye seva ya Fundi kwa nenosiri na kukimbizana humo kila Ijumaa jioni. Yeye ndiye aliyechagua barabara, idadi ya magari, mvua au jua, nani aadhibiwe kwa kumgonga mwenzake na nani afukuzwe kabisa. Waliotaka kutazama tu walitazama kwenye simu.

Alikutwa Jumamosi asubuhi chini ya rafu ya chuma, kisogo kimepasuka, damu yake ikiwa kwenye kona ya rafu. Mkewe ndiye aliyemkuta, baada ya kuamka na kuona upande wa pili wa kitanda mtupu. Mashine ilikuwa bado inavuma.

Inspekta alikizunguka chumba polepole, mikono nyuma. Fundi alikuwa mtu nadhifu, hilo lilionekana hata kwa mgeni. Kila kebo ilikuwa imefungwa kwa kamba ya plastiki na kubandikwa kikaratasi cha jina. Ndiyo maana ile moja ya manjano ilimkera macho. Ilitoka kwenye ruta, kisanduku cha kugawa mtandao, ikapita juu ya meza ya kazi, ikaishia hewani bila kuchomekwa popote, na haikuwa na kikaratasi. Akaifuata hadi ukingo wa meza. Hapo, kwenye mbao laini, palikuwa na mashimo mawili ya kubonyea, kana kwamba mtu alikaza kitu kizito kwa vibano. Mbao ndani ya mashimo ilikuwa bado nyeupe, wakati meza nzima ilishakuwa nyeusi kwa mafuta na miaka.

Alimuuliza Sajini hayo ni nini. Sajini akasema meza ni ya zamani, afande. Inspekta alipima nafasi kati ya mashimo kwa mkono wake: shubiri moja na vidole viwili. Akampigia simu mama wa mke, akamuuliza kama mkwewe aliwahi kuwa na usukani wa mchezo, ule unaofungwa mezani. Bibi akasema la, mkwe wangu alikuwa hakimbizi gari hata siku moja, alikuwa refa, na mwanangu ndilo lililokuwa likimuudhi, mtu anakesha na mchezo ambao hata hauchezi.

Basi kuna aliyefunga usukani kwenye meza hii, na si mwenye meza.

Sajini, ambaye masikio yalikuwa yameshamwiva, alijitetea kwamba madereva wote alishawahoji. Hilo Inspekta alilijua, na ndilo lililomtia hasira zaidi, kwani Sajini alishapoteza siku nzima ya watu akimkalia kooni karani mmoja wa benki. Karani huyo alikuwa amemwandikia Fundi ujumbe kwamba Ijumaa hii nitakunyoosha. Alipoletwa kituoni alitetemeka hadi chai ikammwagikia suruali. Kunyoosha kwenyewe kulikuwa kushinda mbio baada ya Fundi kumnyima ushindi wiki iliyotangulia, na jioni hiyo alikuwa sebuleni kwake, akitazamwa na mke, mashemeji na watoto akishika mkia. Baada ya hapo Sajini aliwafuta wote kwa mkupuo. Hoja yake ilikuwa kwamba kila dereva alionekana barabarani tangu mwanzo wa mbio hadi mwisho, kwa hiyo kila mmoja alikuwa nyumbani kwake.

"Wewe na kwa hiyo zako," alisema Inspekta. "Nani ana nenosiri la kuiendesha seva hii, mbali na Fundi?"

Alikuwapo mmoja, msaidizi wa Fundi, mwalimu wa hesabu katika sekondari ya wasichana. Madereva walimwita Breki kwa sababu alifunga breki mapema kwenye kila kona, na hakuona haya. Walimkuta kwenye chumba cha walimu, kati ya marundo ya madaftari ya mitihani. Alikuwa amevimba macho kwa kulia, na alipowaona polisi hakuwakaribisha viti.

Aliwapa za uso kwanza. Alisema alishakwenda kituoni akaambiwa arudi na barua. Alisema mke wa Fundi hawezi kuua hata mende, na kwamba wanaomweka ndani wanapaswa kuona aibu. Mwalimu mwenzake mezani alijitia kusahihisha huku kalamu imesimama. Inspekta alimwacha amalize, kisha akamwambia kwamba wanakubaliana kwa kila neno, na kwamba kama anataka yule mama alale kwake leo, afungue kompyuta na kumwonyesha mbio za Ijumaa.

Breki alifunga mlango, akafungua kompyuta. Seva ilihifadhi rekodi ya kila mbio, na mtu angeweza kuitazama tena kutoka kwenye gari lolote alilotaka. Alieleza kwamba zilikuwa mbio za mwisho za msimu, na mshindi seva humwekea yenyewe jina lake kwenye ukurasa wa kuingilia, likakaa hapo mwaka mzima, kila anayeingia alisome.

"Na zawadi?"

"Jina lenyewe ndiyo zawadi."

Kulikuwa na jambo moja la ajabu jioni hiyo, aliendelea. Kwa kawaida Fundi huzungumza nao kwenye hedifoni, anatangaza, anakaripia, anatania. Ijumaa hakusema neno. Mbio zenyewe hazikumhitaji, kwa sababu seva alishaipangia saa, yenyewe ihesabu taa na kuyaachia magari. Walidhani kanuna. Mwingine aliyekuwa kimya ni mshindi, lakini huyo aliandika mapema kwamba maiki yake imekufa.

Mshindi aliitwa Panzi. Inspekta akauliza kwa nini Panzi, na kwa mara ya kwanza Breki akakaribia kucheka.

Alimwonyesha mbio za mwezi uliopita. Gari jekundu lilikuwa likija kwenye barabara iliyonyooka, mara likapotea, mara likatokea mbele ya wenzake, likarudi nyuma, likapaa juu ya ukuta na kushuka. Halikuwa kosa la dereva. Nyumba yake imejificha nyuma ya kilima na mtandao wake ni mzito, kwa hiyo habari za gari lake hufika kwenye seva zimechelewa, na wenzake wanaliona likirukaruka. Akikukaribia hujui utamgonga au atakupitia tumboni. Kila wiki walimcheka. Kuna aliyemchorea panzi amevaa kofia ya dereva, wakaituma ile picha hadi wakachoka.

Malalamiko yalipozidi, Fundi aliweka kikomo. Dereva ambaye mtandao wake umezidi uzito fulani, seva yenyewe inamtoa nje, haiulizi wewe ni nani. Mbio mbili mfululizo Panzi alitolewa kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza. Kwa mbio za mwisho Fundi alikaza kikomo zaidi. Panzi alimwomba mbele ya watu wote kwenye kundi lao la simu, akaomba tena, na Fundi akamjibu kwa kikaragosi cha panzi analia.

"Sasa nionyeshe Ijumaa," alisema Inspekta.

Gari jekundu lilitoka kwenye taa na kushika uongozi kabla ya kona ya kwanza. Lilipinda kona laini, likateremka, likapanda, likapita mbele ya majukwaa. Halikuruka hata mara moja. Magari mengine yote, hata la Breki, yalitikisika kidogo hapa na pale. Jekundu lilikuwa limenata kwenye lami.

Inspekta aliinama hadi pua ikakaribia skrini. Aliuliza ni nini kilichomponya Panzi. Breki akasema mwenyewe aliwaambia amevuta laini mpya ya intaneti. Inspekta akauliza kama laini mpya ingemfanya atulie kuliko watu wote, hata wanaoishi katikati ya mji. Mwalimu wa hesabu akairudisha rekodi nyuma, akaitazama tena.

"Ili gari litulie hivi, dereva anatakiwa awe wapi?"

"Karibu na seva," alisema Breki. "Karibu sana. Awe amechomeka kebo yake kwenye ruta ileile." Kisha akaongeza, polepole, kwamba hilo haliwezekani, kwa kuwa Fundi alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuivunja hata kwa rafiki. Katika chumba cha seva hakimbii mtu. Anayekimbia humo anawashinda wenzake kabla hajaanza.

Inspekta aliwaza kebo ya manjano isiyo na jina na mbao nyeupe ndani ya mashimo mawili. Damu ilimchemka hadi masikioni, na haikuwa kwa ajili ya Panzi peke yake. Jibu lilikuwa kwenye skrini tangu Ijumaa. Watu kadhaa walilitazama, Sajini akiwemo, na wote waliona mbio nzuri.

Alitoa maagizo pale pale. Breki na Sajini waende dukani, waiwashe seva kama Fundi alivyoiacha, wasiguse kikomo wala kitu kingine chochote, na wakae nayo. Yeye angekwenda kwa Panzi na konstebo mmoja.

Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, nyuma ya kilima kweli. Konstebo alibaki getini. Aliyefungua mlango ni mama mtu mzima, mchangamfu, kitenge kiunoni, aliyemwita Inspekta mwanangu kabla ya kujua ni nani, na alipojua akazidi kuchangamka kwa hofu. Mwanawe alikuwa ndani. Panzi alikuwa mtu wa makamo, wakala wa bima, shati limepigwa pasi, sauti ya kubembeleza. Alimpa Inspekta pole kwa kazi nzito. Alisema Fundi alikuwa kama ndugu yake, na kwamba aliumia sana kusikia mke anaweza kufanya unyama kama ule. Inspekta alikaza meno, akamshukuru.

Alimwambia kwamba anamaliza tu kukusanya maelezo, na kwa kuwa yeye ni mshamba wa mambo haya, angependa bingwa amwonyeshe mbio zenyewe zinavyokwenda. Kusikia bingwa, Panzi akang'aa uso. Akampeleka chumbani. Usukani ulikuwa umefungwa mezani kwa vibano viwili, pedali chini. Inspekta aliusifia, akaupapasa, akaweka mkono juu ya vibano. Shubiri moja na vidole viwili.

Panzi aliwasha kompyuta. Alishangaa kidogo kuona seva iko hewani, lakini alipoona jina lake juu ya ukurasa wa kuingilia alisahau mshangao. Alilisoma kwa sauti, akaandika nenosiri, na gari jekundu likatokea barabarani. Inspekta alisimama nyuma ya kiti. Mama naye alikuwa ameingia, akaegemea mlango.

Gari lilisogea kidogo tu. Skrini ikaganda, kisha maandishi yakatokea: UMEONDOLEWA. MTANDAO WAKO NI MZITO.

Panzi alicheka, akaingia tena. Hakufika kwenye kona. Umeondolewa. Mara ya tatu seva haikumpa hata nafasi ya kukanyaga mafuta. Fundi alikuwa ameshazikwa, na mashine yake bado ilikuwa ikimtoa nje.

"Leo mtandao umechafuka," alisema Panzi.

"Umechafuka leo tu?"

"Ndiyo, afande. Laini mpya, unajua, bado wanairekebisha."

"Laini gani mpya?" aliuliza mama yake, kwa nia njema kabisa. "Mimi sijaona mtu kuja hapa kuvuta laini. Huu ndio uleule, haujawahi kuwa na maana. Si ndiyo sababu Ijumaa ulibeba usukani na kompyuta yako kwenye begi ukaenda kukimbizia kwa mwenzako? Nikakwambia chukua koti."

Panzi aliendelea kutazama skrini, mikono ikiwa bado kwenye usukani. Mama akamtazama mwanawe, akamtazama Inspekta, na ule uchangamfu ukamtoka usoni wote. Inspekta alimwomba kwa upole, wa kwanza tangu asubuhi, amletee maji ya kunywa. Alipotoka, Inspekta akaufunga mlango na kumwita konstebo dirishani.

Alimweleza Panzi haki zake, kwamba halazimiki kusema kitu. Kisha akamweleza kebo, vibano, na gari lililosahau kuruka. Panzi alijaribu kidogo. Alisema kweli alikwenda, lakini Fundi alimruhusu mwenyewe, wakaagana vizuri. Inspekta akauliza kwa nini basi aliwaambia watu amevuta laini. Alianza kusimulia macho yakiwa kwenye maandishi ya skrini.

Alifika kabla ya mbio, duka limeshafungwa, Fundi akamfungulia ule mlango wa chuma wa nyuma. Alimwomba achomeke kebo yake mara moja tu, kwa mbio hizi tu, hakuna atakayejua. Fundi alikataa. Alikataa kwa kucheka, akasema mwaka kesho ahame nyumba. Panzi akamsukuma. Hakutaka kumuua, alisukuma tu kama mtu anavyomsukuma mtu. Kisogo kikapiga kona ya rafu, akaanguka. Na wakati huohuo mashine ikaanza kuwaita madereva, kwa kuwa ilipangiwa saa.

"Ukafanya nini?"

"Nikachomeka kebo." Alifuta jasho. "Nilijua hajafa, afande. Alikuwa anakoroma."

"Ulimsikia anakoroma."

"Mwanzoni. Kisha nikavaa hedifoni."

Asubuhi hiyo daktari alikuwa amempa Inspekta taarifa yake. Damu ilivujia ndani ya kichwa polepole. Mtu yule hakufa alipoanguka, alikaa hai kwa muda mrefu, na angefikishwa kwa daktari mapema huenda sasa angekuwa kitandani analalamikia chakula. Inspekta alikuwa ameisoma taarifa hiyo akidhani muuaji alikimbia.

"Hospitali iko ng'ambo ya barabara," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo hadi konstebo akasogea kusikia. "Ukitoka kwenye mlango ule unaiona. Kwa nini hukuita mtu?"

Panzi alimtazama kwa mara ya kwanza, kana kwamba ameulizwa kitu ambacho kila mtu anakijua.

"Nilikuwa naongoza," alisema.

Inspekta alimfunga pingu mwenyewe, akazikaza tundu moja zaidi ya lazima, kisha akalilegeza kwa sababu kanuni zinasema hivyo. Sebuleni mama alikuwa amesimama na glasi ya maji kwenye sahani. Inspekta aliichukua, akanywa yote, akamrudishia glasi kwa mikono miwili.

Kituoni, Mkuu alianza kwa kusema tusifanye haraka, faili la mke limeshaandaliwa, tutaonekanaje. Inspekta alimwambia tutaonekana kama tulivyo. Akamwambia kuhusu mlango, mbele ya kaunta, askari wote wakisikia, na akamwalika waende pamoja dukani akaubamize mwenyewe mbele ya waandishi wa habari. Mkuu alitia saini bila kukaa.

Mke wa Fundi alitolewa akiwa na viatu mkononi. Mama yake alikuwa kwenye benchi na kichanga kinalia. Mke alikichukua, akakaa, akakiweka kifuani bila kumjali mtu, na ilipotulia sauti ndipo akamuuliza Inspekta ni nani aliyemuua mumewe. Inspekta alichuchumaa mbele yake, akamtajia. Hakusema habari za hedifoni wala za kukoroma. Alisema tu kwamba mtu huyo alikuwa mle chumbani, kwamba alimsukuma, kwamba mbio zote alizikimbilia mle. Yatakayobaki atayasikia mahakamani, na siku hiyo Inspekta angekaa karibu naye.

"Panzi?" alisema mke.

"Ndiye."

Alimpapasa mtoto kichwani. Halafu akasema kwamba Ijumaa hiyo alikuwa kitandani, ananyonyesha, na alizifungua mbio kwenye simu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Walikuwa wamegombana asubuhi kwa ajili ya ile mashine, na alitaka mumewe akirudi amwambie alitazama.

"Nikamwona Panzi yuko mbele," alisema. "Nikamwonea huruma, wanavyomcheka kila wiki. Nikasema leo na yeye ashinde. Nilikuwa namshangilia, afande. Mpaka mwisho, nilikuwa namshangilia yeye."